Gari Lililolindwa Mpaka Likafa

Kitu ambacho hakijaguswa na mtu hakiwezi kuharibika. Weris alikuwa na hakika na hilo kuliko alivyokuwa na hakika na umri wake. Kwa hiyo asubuhi ile, binti yake Ifrah alipozungusha ufunguo na gari likajibu "tik" kisha likanyamaza, alidhani msichana ndiye hajui kuwasha.

"Zungusha vizuri."

"Hooyo, nimezungusha."

"Zungusha kama mtu aliyekunywa chai!"

Ifrah akazungusha kama mtu aliyekunywa chai. Safari hii hata ile tik haikuja. Taa hazikuwaka, honi haikulia, na redio ilinuna kama iliyotukanwa. Ifrah akashuka, akaufunga mlango polepole jinsi watu wanavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Betri imekufa, hooyo."

"Imekufa vipi? Nani kaiua?"

Sasa hapo ndipo penye maneno. Gari lenyewe, Probox ya rangi ya fedha, halikuwa la Weris. Lilikuwa la Warsame, mtoto wa dada yake mkubwa, Maka, anayeishi Eldas. Kijana huyo alipata kazi ya mkataba Juba, na baada ya Idd, siku moja kabla ya safari, alilileta gari mpaka kwa Weris, hapa Bulla Iftin mjini Garissa, akaliegesha uani kando ya ukuta, akampa ufunguo. "Habaryar, nakuachia gari hili," akasema, kwa kuwa Weris ni mama yake mdogo na Msomali humwita mama mdogo hivyo. Weris akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. "Ni amana ya Mungu," akajibu. Warsame alifungua mdomo akawa kama anataka kuongeza neno, akaghairi, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Na kama Garissa nzima kuna mtu unayeweza kumwachia amana ukalala usingizi wa pono, ni Weris. Waulize wanawake wenzake wa soko la maziwa. Anayesafiri humwachia dhahabu zake, anayegombana na mume humwachia vyombo. Bwana mmoja alimwachia blanketi akaenda Hulugho kuchunga, akapotelea huko miaka, na aliporudi alilikuta limekunjwa vile vile alivyolikunja yeye mwenyewe, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Weris hakulinyoosha hata ule upande. Si lake, alinyooshe kwa nini? Jina hilo ndilo alilonalo duniani. Mume alishafariki, mifugo ilishaisha, amebaki na vibuyu vya maziwa na jina.

Basi gari la Warsame akalilinda kama anavyojua kulinda. Alilifunika turubai, akalizungushia kamba, na kamba akazifunga kwa mafundo yake, yale ya kufungia mizigo mgongoni mwa ngamia, ambayo mtaani pale hakuna mwingine anayeyajua. Ufunguo akaushonea ndani ya mto wake wa kulalia. Ifrah, ambaye amesomea udereva na leseni anayo inamkodolea macho tu, alimwomba angalau awe analiwasha kidogo lipumue. "Lipumue lina mapafu?" Weris akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Kila alfajiri alilipita gari hilo akielekea barabara kuu, ambako maziwa ya ngamia hufika kutoka malishoni, akabeba mtungi wake mgongoni na magoti yakimlia njia nzima, na kila alfajiri alilitupia jicho, akaridhika. Lipo. Halijaguswa.

Hata siku ile ya Rukiyo hakuligusa. Rukiyo ni jirani wa ukuta mmoja, mwanamke kijana. Uchungu ulimshika mchana wa jua kali, mume wake yuko kazini na bajaji yao, akaja mpaka langoni kwa Weris ameushika ukuta. Ifrah alishaanza kuufumua mto. Weris akamnyang'anya. "Si langu, abaayo, dada yangu," akamwambia Rukiyo, tena kwa upole, akamshika mkono, akatafuta usafiri kwa bidii zote, na usafiri uliopatikana ulikuwa mkokoteni wa punda wa mteka maji. Mtoto akazaliwa kabla ya lango la hospitali, katikati ya mitungi. Mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Lakini tangu siku hiyo Rukiyo humpa Weris salamu ya neno moja tu, na kwa Msomali salamu ya neno moja ni tusi. Ilimuuma Weris. Hata hivyo alijiambia: leo ukichukua cha mtu kwa ajili ya uchungu, kesho utakichukua kwa ajili ya harusi.

Na sasa Warsame alikuwa amepiga simu alfajiri kutoka Nairobi. Anapanda basi, jioni atakuwa Garissa, Ifrah ampokee stendi na gari. Weris alitaka kuuliza hali yake, simu ikakata, na kila alipopiga tena aliambiwa mteja hapatikani. Akakaa kitako na kufumua mto kwa sindano. Akayafungua mafundo moja moja. Yalikuwa yake, yote, hakuna lililofungwa upya na mkono wa mgeni. Akalivua turubai. Na chini ya turubai, maiti.

"Ifrah. Niangalie usoni."

"Wallahi hooyo sijaligusa!"

"Ufunguo unajua ulipo."

"Upo chini ya kichwa chako! Niuchukueje, nikukate shingo?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Weris akalizunguka gari, midomo ikicheza, akilisomea Ayatul Kursi kuanzia boneti mpaka buti, maana kitu kufa ndani ya kamba zisizofunguliwa si jambo la kupuuza. Akamwashiria Ifrah ajaribu. Kimya. Kama jini alikuwemo, basi ameondoka bila kuacha moto.

Ndipo likamjia wazo la zamani, la usichana wake. Akapiga magoti, yale magoti mabovu, akaanza kusoma ardhi. Weris amezaliwa porini. Akiwa msichana alikuwa akitumwa kufuata ngamia aliyepotea, na alikuwa na uwezo wa kukwambia huyu amepita jana, ana mimba, na mguu wa nyuma unamsumbua. Mchanga wa kuzunguka gari ulikuwa umetulia miezi yote kwa sababu ya turubai, mzuri wa kusomeka. Akatambaa. Hapa paka. Hapa kuku wa Rukiyo, yule mwenye kidole kilichokatika, aliingia akatoka. Hapa mjusi alikokota mkia. Upande wa mlango wa dereva hakukuwa na alama yoyote ila za Ifrah na zake mwenyewe za asubuhi ile ile.

"Hakuna mtu," akasema kutoka chini ya gari, na sauti yake sasa haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeonyeshwa kiinimacho. "Ifrah, hakuna mtu! Ameiba nguvu ya betri bila kukanyaga chini. Amepitia wapi?"

"Hooyo, toka huko utaumia."

"Niache. Nataka kujua."

Na kweli alitaka kujua, mpaka hofu ikakaa kando kidogo. Akatoka na vumbi kwenye nywele, akafinya macho, akafikiri. Kulikuwa na kitu kimoja. Turubai lilikuwa limechakaa upande wa kioo cha mbele, na mwanzoni, magharibi ikiingia, alikuwa akiona kitaa kidogo chekundu kikikonyeza mle ndani. Alikipenda. Alikiona kama mlinzi mwenzake. Halafu kitambo fulani, mvua zilipokwisha, hakukiona tena, akadhani kimepumzika.

"Kitaa cha alamu hicho," Ifrah akasema. "Hooyo, acha nimwite Dagane."

Dagane ni fundi wa umeme wa magari, ana kibanda karibu na soko, mtu wa kuongea na spana iko mdomoni. Alikuja kwa miguu na mfuko wake begani, akapenyeza mkono mlangoni, boneti ikaachia.

"We! Unafungua nini hapo?" Weris akaruka.

"Boneti, mama."

"Mwenyewe hajakuruhusu."

"Betri iko humu, mama. Ingekuwa kwenye mfuko wako ningekuomba wewe."

Ifrah akacheka, akakatizwa na jicho la mama yake. Weris akasogea akachungulia, na alipotanabahi alikuwa amesogea zaidi kuliko Dagane. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota uchafu mweupe unaoelekea kijani, mithili ya ukoga wa mtungi ulioachwa na maziwa. Dagane akaomba maji ya moto. Ifrah akaleta chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, Dagane akamwagia, ule uchafu ukatoa povu na kushuka. Akasugua kwa kitambaa. Kisha akagusisha vijiti vya kipimo chake, akasoma, akatikisa kichwa.

"Hamna kitu humu. Kavu."

"Nani amekausha?" Weris akauliza haraka. "Mafundo nimeyakuta mazima. Alama za miguu hakuna. Amenyonya nani?"

"Hakuna aliyenyonya. Limejinyonya lenyewe."

Weris akaikazia macho betri. "Kama mbuzi?"

Dagane akamwangalia Ifrah.

"Kuna mbuzi ana tabia ya kujinyonya," Weris akaeleza, akainamisha shingo kuonyesha. "Anageuza kichwa, anajinyonya mwenyewe, jioni unakuja kukamua unakuta hamna. Nilikuwa naye mmoja. Unamlaani mtoto wa jirani kumbe ni mwenyewe."

"Basi ni mbuzi huyo huyo," Dagane akasema, akaitoa spana mdomoni kwa heshima ya mfano huo. "Gari likizimwa mama, halilali lote. Saa inatembea. Alamu iko macho. Kile kitaa ulichokuwa unakiona ndicho kinakula. Kidogo kidogo. Na joto la Garissa linaongeza."

"Mlinzi ndiye mwizi?"

"Eeh. Sasa niambie, mlikuwa mnaliwasha mara ngapi? Kwa wiki mara moja? Kwa mwezi?"

Weris akajinyoosha. Hili alilijua, hili lilikuwa lake. "Hata mara moja," akasema. "Tangu liegeshwe halijaguswa na mkono wa binadamu."

Alingoja ile sura ambayo watu humpa wakisikia habari ya blanketi. Haikuja. Dagane alikuwa akimwangalia kwa huruma, na huruma ya fundi kwa mwenye gari si dalili njema.

"Basi ndiyo hivyo mama. Lilitaka kuendeshwa. Likitembea, injini inairudishia betri kile kilicholiwa. Lisipotembea linakula akiba mpaka inaisha. Hata magurudumu, ona, yamekaa kama sambusa."

"Unasema ningeligusa lisingekufa."

"Ungeliendesha, leo lingewaka kwa mara moja."

Weris akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya turubai lililokunjwa. Ifrah akamletea maji, akayashika tu kikombeni. Amezunguka asubuhi nzima akimtafuta muuaji, amemhisi binti yake, amemsomea jini, ametambaa chini ya gari, kumbe muuaji ni yeye, na silaha ni yale mafundo. Jina lote lile la amana. Jioni mwenyewe anakuja, na cha kumkabidhi ni mzoga. Alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni mpaka usoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alitamani kuwa mtu wa mji mwingine.

"Hakijaharibika kitu mama, usilie," Dagane akasema, ingawa alikuwa halii. "Tunalishtua. Nataka tu betri nyingine ya kuunganisha."

Wanaume wawili waliokuwa wamesimama langoni, kwa kuwa boneti ikifunguliwa Garissa wanaume hutokea, wakasema walisukume tu. Dagane akawaambia ni otomatiki, halisukumwi, na kama wanataka mazoezi waende uwanjani. Kinachotakiwa ni chombo chenye betri nzima. Na chombo hicho, wote walikiona kwa wakati mmoja, kilikuwa upande wa pili wa ukuta: bajaji ya mume wa Rukiyo. Mwenyewe alikuwa amesafiri Wajir kumwona baba yake, akaiacha.

Ifrah akatazama chini.

"Nitaenda mimi," Weris akasema. Akatikisa vumbi, akarekebisha shungi lake, akatoka.

Rukiyo alikuwa amekaa mlangoni kwake akinyonyesha. Weris akatoa salamu ndefu, amani, afya, watoto, mzee wa Wajir anaendeleaje. Akajibiwa neno moja. Akaeleza shida yake yote bila kuipunguza. Rukiyo akamsikiliza mpaka mwisho, akamhamisha mtoto upande wa pili.

"Bajaji si yangu," akasema. "Ni ya mume wangu. Ameniachia amana."

Lo! Liliingia pale lilipokusudiwa. Jibu lolote ambalo Weris angetoa lilishatolewa na Rukiyo mwenyewe siku ile langoni, bila maneno, ameushika ukuta. Akageuka aende.

"Habaryar Weris." Rukiyo alikuwa ameinua ufunguo. Hakutabasamu. "Chukua. Angetaka isiguswe angeenda nayo. Ameiacha nyumbani kwa sababu huenda mtu akaihitaji."

Weris alirudi na ufunguo akiwa ameukunja kiganjani. Hakumwambia Ifrah alichoambiwa. Bajaji ikaingizwa uani, kiti kikainuliwa, Dagane akaunganisha nyaya zake, nyekundu kwanza kisha nyeusi, akaiacha bajaji ingurume kwa muda, kwa kuwa betri yake ni ndogo na ya gari imekauka kabisa, ikabidi inyweshwe kwanza. Weris akauliza kila kitu. Kwa nini nyekundu ndiyo inatangulia? Kwa nini nyeusi ya mwisho inashikizwa kwenye chuma cha injini badala ya betri? Nguvu inapita waya wote au juu juu? Dagane akajibu ya kwanza, akajibu ya pili, ya tatu akasema, "Mama, njoo uajiriwe." Ifrah akapanda, akazungusha. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likakohoa zaidi, likatikisika, likashika! Moshi mweusi ukatoka, kuku wakatawanyika, wale wanaume wa langoni wakapiga makofi kana kwamba wamelisukuma.

"Usizime," Dagane akamwambia Ifrah akifunga mfuko. "Zunguka nalo mjini mpaka saa ya basi. Ukizima mapema tunaanza upya." Kisha akamgeukia Weris, akashusha sauti. "Na wewe mama usijitese. Likija linanguruma, limepanguswa vumbi, nani atajua? Hata mimi sijawahi kufika hapa."

"Ni kweli, hooyo," Ifrah akasema kupitia dirishani. "Nyamaza tu. Ataona gari lake, atafurahi, basi."

"Nenda," Weris akasema. "Saa hazikungoji."

"Panda basi tuzunguke wote."

"Ameniambia wewe umpokee. Hakuniambia mimi nipande."

Ifrah akamwangalia mama yake, akainua mikono, akaondoka.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Weris alipika, akaepua, akapika tena. Kunyamaza kulimvuta, asikwambie mtu. Neno moja tu alifiche, na jina lake libaki lilivyokuwa, zima, limekunjwa kama lile blanketi. Dagane hasemi. Ifrah hasemi. Rukiyo hata salamu hatoi, ataeneza habari saa ngapi? Lakini kila alipoona imekaa sawa alikumbuka kwamba amana yenyewe ni hiyo, kwamba mtu hayupo na wewe upo, na unachojua wewe yeye hakijui. Akinyamaza atakuwa amemwibia Warsame kwa mara ya kwanza. Mpaka adhana ya alasiri alikuwa amebadilisha nia mara nyingi kuliko alivyobadilisha sufuria.

Jua limeanza kulegea gari likaingia uani, Ifrah kwenye usukani ametoa kidevu mbele, Warsame kando yake, amenenepa, ana koti la Juba lisilofaa kwa joto hili. Akashuka, injini ikiachwa inanguruma.

"Habaryar! Nabad!"

Salamu za watu wa huku zina njia yake. Utauliza afya, utauliza safari, utauliza mvua, hata ngamia ambao huna. Weris hakuuliza hata moja.

"Warsame, kabla hujakaa. Betri ya gari lako ilifia mikononi mwangu. Hakuiba mtu, hakuchezea mtu, ni mimi. Sikulisogeza hata siku moja, na fundi anasema huko ndiko kulikoliua. Limeshtuliwa leo kwa betri ya jirani. Amana yako nimeiharibu mwanangu, nisamehe."

Warsame alibaki na mkono hewani. Akamtazama Ifrah, akalitazama gari.

"Hukulisogeza hata siku moja?"

"Hata siku moja." Na hata hapo, Mungu amsamehe, palikuwa na chembe ya fahari sautini mwake.

"Njiani nimeona geji ya mafuta," Warsame akasema polepole. "Nilijaza tangi siku ile nilipolileta. Yamepungua kidogo tu, nikadhani Ifrah ameongeza ili kunipokea."

"Sijaongeza," Ifrah akasema. "Ni ya leo hayo yaliyopungua."

"Sasa habaryar, maziwa ulikuwa ukiyafuataje kule barabarani?"

"Kwa miguu."

"Kwa haya magoti?"

"Nina mengine?"

Warsame akakaa chini, mchangani, na koti lake, mbali na mkeka aliotandikiwa. Akajishika kichwa. Weris akaogopa, akadhani ni uchungu wa gari.

"Mwaka ule ngamia wetu walipokwisha kwa ukame," Warsame akasema, "mimi bado mdogo. Unakumbuka ulifanya nini?"

"Sikumbuki." Alikumbuka vizuri sana.

"Ulikuja Eldas na ngamia wa maziwa, na ndama wake. Ukamfunga kwenye zizi letu tupu. Ulimwambia nini mama?"

"Nilimwambia nakuachia ngamia huyu."

"Basi?"

"Basi! Ningesema nini tena? Dada yangu mkubwa, mtu mzima, nimwambie nimekuletea chakula cha watoto? Angeona haya asimkamue."

"Sasa alijuaje kuwa ni wa kukamua?"

"Kiwele kilikuwa kimejaa, wewe! Nani anaachiwa ngamia kiwele kimejaa halafu amtazame tu mpaka..." Weris akakoma.

"Na mimi nilijaza tangi," Warsame akasema.

Gari likaendelea kunguruma. Ifrah akageuza uso akawa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi.

"Mbona hukusema?" Weris akafoka, na hasira ilikuwa ya kweli, machozi yakiwa nyuma yake. "Una mdomo wa kazi gani? Miezi yote hiyo! Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungepokea?"

Alitaka kusema ndiyo. Alimtazama mtoto wa dada yake pale mchangani, akashindwa kumdanganya.

"Nisingepokea," akasema.

Akadhani kitakachomuuma ni zile alfajiri, mtungi mgongoni, akilipita gari lililoletwa kwa ajili yake. Hazikumuuma sana. Kilichomjia ni langoni, mchana wa jua kali, mwanamke ameushika ukuta, na yeye akisema si langu kwa upole, akijisikia mwema. Alichomnyima alikuwa amepewa akitoe. Akaacha kijana na chai na mkeka, akaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

"Rukiyo!"

"Naam."

"Lile gari niliachiwa nilitumie. Sikujua, nimejua sasa hivi." Akashika ukuta kwa mikono miwili. "Lakini hata kama lingekuwa la mtu, siku ile ilinipasa nikupeleke. Sikukupeleka. Nimekukosea, abaayo."

Upande wa pili mtoto akalia kidogo, akabembelezwa, akatulia. Weris akangoja. Alikuwa tayari kwa neno moja, au kwa kukosa hata hilo.

"Jumatatu ana kliniki ya sindano," Rukiyo akasema hatimaye.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Foleni huwa ndefu, tuwahi."